Mkono wa Mkamwana

Siku hizi siwezi kufunga vifungo vya gauni langu mwenyewe. Vidole gumba vyote viwili vimekwisha. Ukichua misuli ya watu kwa miaka zaidi ya thelathini, gumba ndilo linaloumia, na siku ya kwanza ya kazi hakuna anayekuambia. Basi mimi nawaambia ninyi wanangu mnaosomea kazi hii: msikandamize kwa gumba peke yake. Tumieni kiganja, tumieni kiwiko, egemeeni kwa uzito wa mwili. Sitaki uzeeni mumwombe mjukuu awafungie nguo huku anawacheka.

Jina langu Zuhura, ingawa mtaa wetu mzima wa Bulyaga wananiita Mama Rukia. Baba yangu aliuza vitenge hapa Tukuyu na alitaka nami niuze vitenge. Nikaenda kuchua wagonjwa. "Umeacha kushika nguo mpya ukashike miguu ya watu," aliniambia, na kwa muda mrefu, kila akinitambulisha kwa wageni, alisema nafanya kazi serikalini, haongezi neno. Hospitali yenyewe sitaitaja. Nitakayoyasimulia ni makosa yangu, si yake.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Sanga, Mkinga mfupi, mpole, mwenye viganja vipana kama sahani. Alikuwa na chumba kidogo mwisho wa korido, chenye kitanda kimoja cha mbao na jiko la mkaa ambalo metroni alilipigia kelele kila wiki. Jiko lile lilikuwa la kupashia mikono. Mnaijua Tukuyu: mvua ikianza unasahau jua lina rangi gani, na mkono wa baridi ukitua kwenye mgongo wa mgonjwa, misuli yote inajikunja kabla hujaanza kazi. Wiki mbili za mwanzo sikugusa mtu. Nilipasha mikono, nilikata kucha, nilitazama.

Siku aliponiruhusu nikaona nimwonyeshe ubunifu. Mafuta ya kuchulia yalikuwa adimu, nami nikaja na chupa ya mawese kutoka Kyela, mazito, mazuri kabisa. Nilimchua mzee mmoja aliyeumwa kiuno hadi akasinzia. Alipoinuka, shuka jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa, na mzee naye vilevile, kuanzia mabegani mpaka makalioni. Mkewe alipokuja kumchukua alipiga yowe akidhani tumemchuna. Metroni alinipa lile shuka nilifue mwenyewe, na nadhani halijatakata mpaka leo. Mzee Sanga alicheka hadi akakaa chini.

Yako mambo ambayo hakuyachekea. Usichue mguu mmoja uliovimba, wenye joto, unaouma nyuma ya goti kushuka chini, hasa kwa mama aliyejifungua au mtu aliyelala kitandani muda mrefu. Mpeleke kwa daktari, maana damu inaweza kuwa imeganda ndani, na ukiisukuma itakwenda kwenye mapafu. Usimvute mgonjwa wa kiharusi kwa mkono uliopooza, bega litachomoka. Mwenye homa mwache apumzike. Na jingine alilisema mara nyingi hadi nikawa namkamilishia: mgonjwa akilia, usimwambie anyamaze, mwulize analilia nini.

"Na asiyeweza kusema?" nilimwuliza siku moja.

"Kaulize wanaomjua," alisema. "Wewe unaujua msuli tu, Zuhura. Mwenye msuli wanamjua wao."

Nililishika neno hilo kichwani. Siku nilipolihitaji, nilikuwa nimeshajiona mjuzi kuliko yeye.

Siku hiyo ilipofika Mzee Sanga alikuwa amestaafu na kurudi kwao Makete, na nchi imebadilika. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia. Maduka yalijaa, mitumba ilitandazwa kila pembe, na sokoni wakaanza kuuza mafuta ya kuchua yaliyotoka ng'ambo ya mpaka, kichupa chenye picha ya farasi, makali ya kutoa machozi. Watu wakaamini kinachochoma ndicho kinachotibu. Nilipokea migongo yenye malengelenge kwa sababu ya yule farasi.

Hospitalini nako tukaambiwa wananchi wachangie matibabu. Sina ugomvi na hilo leo, ila nasema nilichokiona: watu walianza kuondoka kitandani kabla mwili haujawa tayari. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji mikono juu yake kila siku, kwa miezi. Mimi nilimpata siku tisa au kumi, kisha ndugu wanakuja na machela ya miti. Kwa hiyo nikabuni utaratibu wangu. Kabla mgonjwa hajatoka, namchagua mtu mmoja wa nyumbani kwake, namfundisha kuchua, naye ndiye anaifanya kazi yangu huko kijijini. Wakubwa wangu waliusifu sana utaratibu huo, na mimi nilijisifu kuwazidi.

Ndipo akaletwa Mzee Ambakisye, mkulima wa migomba na chai kutoka milimani juu ya Kyimo, mzee wa kanisa, mtu aliyezoea kusikilizwa. Upande wote wa kulia ulikuwa umepooza na sauti imekatika. Akili ilikuwemo. Ulikuwa ukimwangalia machoni unaona mtu mzima kabisa amefungiwa ndani, anakutazama. Alikuja na mkewe, ambaye tulimwita Mama Gwakisa kwa jina la mtoto wao, na mke wa huyo Gwakisa, binti wa miaka ishirini hivi aitwaye Sekela. Gwakisa mwenyewe alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la chai, na sasa alizunguka na mitumba huko Kasumulu mpakani. Hakuna aliyejua atarudi lini.

Sekela hakuwahi kuingia wodini. Alileta chakula akakiacha mlangoni, akakaa barazani amegeuza mgongo, kanga imemfunika kichwa mpaka machoni, hata mvua ikimrushia. Nilijua kwa nini. Nimezaliwa hapa, nimecheza na watoto wa Kinyakyusa, najua kwamba mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Mkamwana hamtazami mzee usoni, hapiti anapopita, hatamki jina lake. Wenyewe wanaita kutila. Na si woga, ni heshima ya pande zote mbili, maana mzee naye hukohoa akikaribia nyumba ili binti apate nafasi ya kujificha. Yote hayo niliyajua, na niliyahesabu kuwa mambo ya zamani. Mjini kwetu mabinti walishaanza kuvaa suruali. Nilidhani watu wote wamefika pale nilipofika mimi.

Zilipobaki siku tatu mzee atoke, nilimwuliza mkewe ni nani atakayemchua nyumbani. Akaninyooshea mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi hata kukamua kitambaa.

"Basi tumwite yule aliyeko nje," nikasema.

Mama Gwakisa akanitazama kwa mshangao. "Dakitali, yule ni mkamwana."

"Najua ni mkamwana, mama. Ndiye mwenye nguvu. Na mimi si daktari, lakini nakuambia, mkono huu usipochuliwa kila siku utajikunja mpaka kucha ziingie kiganjani. Unataka mumeo awe hivyo?"

Hakujibu. Aliinamisha kichwa, nami nikauchukua ule ukimya kuwa ndiyo. Hapo palikuwa na swali moja tu la kuuliza: yuko mwingine? Lingechukua muda wa kumeza mate. Sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa na wagonjwa wengine wanne na nilikuwa nimeshapata jibu langu.

Nikamfuata Sekela barazani. Alipiga magoti kunisalimia. Nikamshika mkono nikamwingiza wodini. Mzee Ambakisye alipomwona alifumba macho. Niliuchukua mkono wa yule binti, nikauweka juu ya mkono wa mzee.

"Shika," nikasema. "Hang'ati huyo."

Wagonjwa wawili watatu wakacheka. Mimi nilipenda kuchekesha wodini, nilidhani ni sehemu ya dawa. Sekela aliivuta kanga kwa mkono wa pili mpaka kidevuni.

Lakini alijifunza, tena vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Alijifunza macho yamefungwa, uso umegeukia ukutani, kwa vidole tu. Nilimwambia usianze na vidole vya mgonjwa, vitakaza. Kunja kwanza kifundo cha mkono kwa ndani, polepole, misuli ilegee. Kisha toa gumba nje, ndipo vidole vingine vifuate vyenyewe. Chua kutoka kwenye vidole kuja begani, usirudi nyuma. Sikuhitaji kumwambia mara mbili. Na muda wote huo mzee alilia, bila sauti, machozi yanashuka masikioni.

"Anaumia?" Sekela aliniuliza kwa sauti ndogo, bado ametazama ukuta.

"Haumii. Kiharusi kinawalegeza machozi. Wanalia bila sababu, wanacheka bila sababu. Endelea."

Ni kweli, wanangu, kiharusi hufanya hivyo, mtayasoma hata vitabuni. Ndiyo maana nilikuwa na jibu la haraka. Ningekuwa sijui kitu ningeuliza.

Baada ya wiki mbili nilipanda kuwatembelea, maana utaratibu wangu ulikuwa na ukaguzi pia. Nilifika nimelowa, matope mpaka magotini. Mama Gwakisa alinikaribisha ndani, na nilichokikuta kilinichukiza. Mzee amelala kitandani, amefunikwa uso kwa kitambaa. Sekela amepiga magoti pembeni, kanga imemfunika uso wake naye, anachua. Hakuna anayemwona mwenzake. Hayo ndiyo waliyoyabuni wao watatu baada ya mimi kuwaingiza kwenye shida, wapate kutii hospitali na heshima ibaki angalau kidogo.

"Mbona mmemfunika kama maiti?" nilisema, na nikakitoa kile kitambaa.

Macho ya mzee yalikutana na yangu. Yalikuwa mekundu, yamevimba, na yaliniomba kitu. Leo najua yaliniomba nini. Siku ile nilifuta machozi yale kwa kitambaa kilekile, nikakikunja, nikakiweka mbali, nikaushika ule mkono kuukagua. Ulikuwa laini. Vidole vilifunguka bila kupingana nami hata kidogo, jambo ambalo hata hospitalini hulioni mara nyingi. Nikamsifu Sekela kwa sauti kubwa. Hakuinua kichwa.

"Ila amekonda," nikasema.

"Hali chakula," alisema Mama Gwakisa. "Anafumba mdomo."

Nikamwelekeza kutengeneza uji mwepesi wa maziwa, kijiko kidogo kidogo, amwinue kwanza asipaliwe. Maelekezo yote yalikuwa sahihi. Nikateremka mlima nikiimba.

Haikupita muda nikaletewa habari kwamba Mzee Ambakisye amefariki. Daktari alisema pengine ni mapafu, na kwa mgonjwa wa kulala huwa hivyo. Mimi sijui. Najua alifumba mdomo, na najua ulianza kufumbwa lini.

Nilikwenda msibani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye migomba, wanawake ndani tukiwa tumebanana kwenye mikeka, kwaya ya kanisa inaimba uani. Tulipopita kumuaga marehemu nilitazama mikono kabla ya uso, ni tabia ya kazi. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya kifua, umefunguka wote, vidole vimenyooka kama vya mtu ambaye hajaugua. Nilijua maana yake. Yule binti hakuruka hata siku moja.

Kisha akaingia mdogo wake marehemu, mwanaume mwenye kifua kipana na mikono ya kupasua kuni. Alisimama mlangoni analia.

"Mimi nakaa hapo chini tu," alisema. "Mtu akiita nasikia. Mbona hamkuniita nimshike kaka yangu?"

Niliitazama mikono yake. Mikono ile, hapo chini tu.

Shangazi yake Gwakisa, dada wa marehemu, ndiye aliyemjibu. Alimnyooshea kidole Sekela, aliyekuwa amejikunja kwenye kona. "Aliyemshika ni huyu! Kamshika mzee wa watu kila siku, kamtoa utu wake. Kaka yangu amekufa kwa aibu!"

Wanawake wakaanza kuguna, wengine wakalia kwa nguvu zaidi. Mama Gwakisa aliinua macho yake akanitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Na Sekela naye akanitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake wote. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama mtu aliyeona mwenye ufunguo amefika.

Nilivuta mtandio wangu nikatazama mkeka.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilikuwa mgeni msibani, Mwislamu kati ya Wakristo, mwanamke wa mjini. Nilikuwa na koti jeupe na utaratibu unaosifiwa. Nilijiambia nitasema baadaye, watu wakishatulia. Kabla matanga hayajaisha Sekela alirudishwa kwao na kifurushi kimoja cha nguo. Gwakisa aliporudi kutoka mpakani hakumfuata.

Baada ya hapo sikumtoa mgonjwa wa kupooza hospitalini kabla ya kuuliza: nani anaruhusiwa kumgusa huyu, na nani haruhusiwi? Nilimwuliza mke, nikamwuliza jirani, nikamwuliza mgonjwa mwenyewe kama anaweza hata kukonyeza jicho. Mara nyingi mikono mingine ilikuwepo, ukitafuta. Nilifundisha shemeji, wajomba, hata mchungaji mmoja mnene aliyekuwa anahema kuliko mgonjwa. Wengi walitembea tena. Wakinishukuru nilikuwa naona aibu, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Kwa Sekela nilikwenda baada ya kustaafu. Hesabuni wenyewe nilichelewa kiasi gani: vidole hivi tayari vilikuwa vimeanza kupinda. Nilimkuta kwao, kijijini upande wa Masoko, anapalilia viazi. Hakuolewa tena. Alinitambua palepale, akapiga magoti kwenye tope lile kunisalimia, mimi, akanitolea kigoda na ndizi mbivu. Nikala kwa sababu kukataa kungekuwa matusi mengine.

Nilimwambia yote. Kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba sikuuliza, kwamba nilikitoa kile kitambaa, kwamba siku ya msiba nilijua na nikanyamaza. Nililia sana. Alinisikiliza huku anapangusa jembe kwa kiganja.

"Mama," alisema, "sasa haya unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo. Kawaambie wao."

Nikamwambia Mama Gwakisa alishakufa. Shangazi naye. Yule mdogo wake mzee tulimzika mwaka uliotangulia. Gwakisa alivuka mpaka na hakuna anayejua alipo.

Sekela alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Ndaga, mama," akasema, ndiyo asante ya kwao, na akaushika mkono wangu kuniinua kwenye kigoda. Alipogusa gumba langu alisita. Akakunja kifundo changu kwa ndani, polepole, mpaka misuli ikalegea, kisha akalitoa gumba nje, na vidole vikafuata. Halafu akarudi kwenye viazi vyake.

Wanangu, mjukuu wangu anaandika haya kwa sababu mimi sishiki kalamu. Nimemwambia aandike na hili, kwa maneno yaleyale niliyopaswa kuyasema nikiwa pale mkekani, mdogo wake marehemu amesimama mlangoni na wote wakiwa hai wa kunisikia: huyu binti hakumshika mzee kwa kupenda kwake. Mimi ndiye niliyemwambia ashike.